Namna ya Kumtendea Wema Mtu Usiyemjua Bila Kumwachia Mzigo

Wako watu ambao wakishikiwa mlango na mtu wasiyemjua hutabasamu, wakashukuru na kupita. Wako ambao kwanza hugusa mkoba wao kuhakikisha kwamba bado upo. Na wako wanaoona haya, kana kwamba wametangaziwa mbele za watu kuwa hawajiwezi. Kitendo ni kilekile, na nia ya aliyekitenda huenda ni safi kabisa, lakini kimepokewa kwa namna tatu zisizofanana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayependa kuwatendea hisani watu asiowajua na angependa hisani hiyo ipokewe jinsi alivyoikusudia. Msimamo wangu ni kwamba wema wa namna hii hukamilika pale tu mpokeaji anapobaki na uwezo wa kuukataa bila kulazimika kujieleza, na karibu kila shauri lililomo humu limetokana na msimamo huo.

Elewa kwanza sababu za anayesita

Watenda wema wengi humdhania anayesita kuwa ana roho ngumu au hana shukrani. Mara nyingi ana sababu, na sababu zenyewe si za siri.

Iliyo kubwa zaidi ni hofu ya kulaghaiwa, nayo haikuzuka hivi hivi, kwa kuwa matapeli wengi huanza kwa kutoa kabla ya kuomba. Katika miaka ya 1970, kwenye viwanja vya ndege vya Marekani, wafuasi wa Hare Krishna, kundi la kidini lenye asili ya Uhindu, walikuwa wakimpa msafiri ua, wakikataa kulipokea tena hata akilirudisha, kisha wakimwomba mchango. Mwanasaikolojia Robert Cialdini, aliyeichunguza mbinu hiyo, alieleza jinsi watu wasiolitaka ua hilo hata kidogo walivyojikuta wakitoa fedha kwa sababu tu wamekwisha kupokea kitu mkononi. Mtu aliyewahi kunaswa kwa njia hiyo, au aliyesimuliwa na nduguye aliyenaswa, akipewa zawadi njiani atajiuliza, "Huyu anataka nini kwangu?" Swali hilo ni la haki, na mtoaji mwema hana sababu ya kuchukizwa nalo.

Sababu nyingine ni deni. Mwaka 1960 mwanasosholojia Alvin Gouldner alitoa hoja kwamba kanuni ya kulipa fadhila kwa fadhila hupatikana takriban katika kila jamii. Kwa jirani deni hilo halisumbui, maana ipo siku litalipwa. Kwa mtu ambaye huenda hutaonana naye tena, linabaki halina pa kulipiwa, na wapo watu ambao jambo hilo huwakosesha raha kuliko mtoaji anavyoweza kufikiri. Kisha ipo heshima ya mtu. Wanasaikolojia Jeffrey Fisher na Arie Nadler, pamoja na wenzao, walionesha katika maandishi yao ya mwaka 1982 kwamba msaada uleule unaweza kumtegemeza anayeupokea au kumtweza, kutegemea ujumbe anaousoma ndani yake. Kijana anayemnyang'anya mzee mzigo ili ambebee, pasipo kuuliza, amekwisha kumwambia kwamba anaonekana dhaifu.

Desturi za mahali nazo zina sehemu yake. Robert Levine na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, walipima msaada kwa wageni katika miji mikubwa 23 ya dunia kwa majaribio mepesi: mtu anaangusha kalamu kana kwamba hajui, mwingine mwenye mguu uliofungwa anashindwa kuokota magazeti, na mwingine anayejifanya kipofu anangoja kuvuka barabara. Rio de Janeiro iliongoza kwa takriban asilimia 93, wakati New York ilipata takriban 45 na Kuala Lumpur takriban 40. Ni rahisi kuhitimisha haraka kwamba watu wa mji huu ni wema na wa mji ule ni wakavu, lakini Levine mwenyewe alieleza jambo ninaloliona kuwa na thamani zaidi ya takwimu hizo. Wakazi wa New York waliosaidia walikuwa wakimpazia sauti aliyeangusha kalamu kwamba imeanguka, kisha wakaendelea na safari yao. Wa Rio walikuwa tayari kuiokota na hata kumkimbilia mwenyewe wamkabidhi. Wote hao wametenda wema. Anayetoka mahali pa kukimbiliana atawaona wale wa kwanza kuwa baridi, na anayetoka mahali pa kupaziana sauti atashtuka akiona mtu asiyemjua anamfuata mbio kwa nyuma.

Wapo pia wanaoupinga wema wa papo kwa papo kwa hoja. Husema kwamba kumlipia mtu mmoja nauli hakuondoi umaskini, na kwamba fedha hizo zingefaa zaidi zikipelekwa kwa mashirika yenye mipango. Nakubaliana nao kwamba hisani ya njiani haiwezi kushika nafasi ya haki wala ya misaada iliyoratibiwa, lakini sioni kwamba mambo haya yanagombania nafasi moja: aliyekwama na kigari cha mtoto chini ya ngazi hahitaji mpango wa miaka mitano, anahitaji mtu ashike upande wa pili.

Tenganisha dharura na hisani

Ushauri wote wa kuomba ruhusa na kujiweka kando unahusu hisani ya kawaida. Mtu anapokuwa hatarini, hesabu hubadilika, na hata sheria za nchi zinatofautiana kuhusu anachodaiwa mpita njia. Nchini Ufaransa na Ujerumani ni kosa la jinai kuacha kumsaidia mtu aliye hatarini iwapo ungeweza kufanya hivyo bila kujihatarisha. Katika sheria ya Uingereza, kwa kawaida, hakuna wajibu wa jumla wa kumwokoa mtu usiyehusiana naye. Kwa vyovyote vile, usitegemee kwamba mwingine ataanza. John Darley na Bibb Latané walichapisha mwaka 1968 jaribio ambamo watu walisikia kupitia kipaza sauti mtu kana kwamba anapatwa na kifafa: kati ya waliodhani kwamba ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoa taarifa kabla sauti haijakatika, ilhali kati ya waliodhani kwamba wapo wasikilizaji wengine wanne ni asilimia 31 tu. Ukikuta tukio kama hilo, piga simu ya dharura wewe mwenyewe, au mnyooshee kidole mtu mmoja na kumwagiza apige. Ukiuambia umati kwa jumla, kila mmoja atamngoja mwenzake.

Jiwekee nafasi ya muda

Watu wengi huamini kwamba wema hutegemea moyo. Moyo unahusika, lakini saa inahusika pia. Mwaka 1973 Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa seminari ya Princeton, Marekani. Kila mmoja aliagizwa aende jengo jingine kutoa hotuba fupi, na baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema, kile kisa cha Biblia cha msafiri aliyesimama kumsaidia mtu aliyejeruhiwa njiani. Njiani walimpita mtu aliyejiinamia mlangoni, akikohoa na kuguna. Miongoni mwa walioambiwa kwamba bado wana muda, asilimia 63 walisaidia. Miongoni mwa walioambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, asilimia 10. Kupewa mada ya Msamaria Mwema hakukuleta tofauti ya kutegemewa.

Kwa hiyo, anayetaka kuwa mwema kwa watu asiowajua na aanze kwa kutoka nyumbani mapema. Dakika kumi za ziada zinatosha kumfanya auone mfuko uliotoboka au mgeni anayegeuzageuza karatasi yenye anwani. Siku usiyokuwa na dakika hizo, usianze jambo usiloweza kulimaliza, kwa sababu mtu aliyeachwa katikati ya msaada huenda akawa pabaya kuliko pale ulipomkuta.

Chagua kitendo kinachoishia palepale

Tafuta haja unayoiona kwa macho, inayotimizwa kwa muda mfupi, isiyomtaka mwenzako akupe habari zake, na isiyoacha chochote cha kufuatilia. Kumpisha mtu kiti, kumwambia kwamba mkoba wake uko wazi, kumtangulia mgeni hadi kwenye kona anayoitafuta, kumwongezea aliyepungukiwa na sarafu chache mbele ya foleni, kumsifu fundi kwa kazi aliyoifanya vizuri: yote haya yanatosha. Ogopa vitendo vinavyomtaka mtu akuamini zaidi ya anavyokujua, kama vile kumpa chakula asichojua kimetoka wapi, kumpakia kwenye gari lako, kumgusa mtoto wake au kuomba namba yake ya simu ili "ujue kama amefika salama". Huenda nia yako ni njema, lakini hana namna ya kuipima.

Usihangaike na ukubwa wa unachotoa. Katika utafiti wa Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton uliochapishwa mwaka 2008, watu walipewa dola 5 au 20 asubuhi na kuagizwa wazitumie kabla ya jioni. Waliozitumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi kuliko waliojinunulia vitu, na kiasi chenyewe hakikuwa na athari. Kwa upande wa mpokeaji, Amit Kumar na Nicholas Epley waliripoti mwaka 2022 kwamba watoaji huelekea kupunja thamani ya wema wao. Katika mojawapo ya majaribio yao, watu waliokuwa kwenye uwanja wa kuteleza barafuni mjini Chicago walimpa mtu wasiyemjua kikombe cha chokoleti ya moto, na waliopokea walifurahi kuliko walivyotazamia watoaji. Mtoaji alikihesabu kikombe tu. Mpokeaji aliguswa pia na ukunjufu wa aliyekitoa. Nawasihi wanaojizuia kwa kudhani kwamba wanachoweza kukitoa ni kidogo mno wautie moyoni utafiti huo.

Kitendo kimoja chastahili kutajwa peke yake, nacho ni kurudisha pochi iliyoangushwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 na Alain Cohn na wenzake lilihusu pochi zaidi ya 17,000 zilizokabidhiwa kwa wafanyakazi wa mapokezi katika miji 355 ya nchi 40, kana kwamba zimeokotwa. Watafiti walitaka kujua kama wenyewe watatafutwa. Pochi zisizo na fedha zilitafutiwa wenyewe kwa takriban asilimia 40, na zenye fedha kwa asilimia 51, kinyume cha matarajio ya wengi. Ukiiokota wewe, ifungue kwa kiasi cha kupata jina tu, usizihesabu fedha za mtu, na unapoikabidhi usimsimulie ulivyohangaika kumtafuta.

Jinsi ya kumkaribia na kusema naye

Tuseme mama mtu mzima amesimama chini ya ngazi ndefu. Ana mfuko mzito, ameuhamisha kutoka mkono huu hadi ule, na sasa ameutua na kutazama juu. Usimjie kwa nyuma. Zunguka akuone, simama hatua mbili kutoka alipo, mikono yako ikionekana, na umtazame yeye kabla ya kuutazama mfuko. Kisha sema kwa sauti ya kawaida: "Shikamoo, mama. Naelekea huko juu. Nikupokee mzigo mpaka mwisho wa ngazi?"

Maneno hayo ni machache lakini kila sehemu yake ina kazi. Salamu inamweka yeye katika nafasi ya mkubwa anayeheshimiwa, mbali na ile ya mhitaji. Kumwambia kwamba unaelekea juu kunapunguza deni, kwa sababu hukugeuza safari yako kwa ajili yake. Ndiyo maana hupaswi kuyasema maneno hayo kama si kweli. Kutaja mwisho wa ngazi kunampa mpaka, ajue kwamba hutamfuata hadi mlangoni kwake. Swali lenyewe linamwachia neno la mwisho.

Akikubali, tembea ubavuni pake au hatua moja mbele, mahali anapouona mfuko wake, na uende kwa mwendo wake. Akikupa mpini mmoja na kubaki na mwingine, shika huo huo mmoja, kwa kuwa amekwisha kukuonesha kiasi cha msaada anachokiridhia. Mkifika juu, utue anapokuonesha, mwambie, "Haya mama, siku njema," na uondoke.

Akisema, "La, mwanangu, nitaweza," mjibu, "Haya mama, pole na mzigo," na uendelee kupanda. Hapa pana ugumu kidogo, kwa maana wapo watu waliolelewa kukataa mara ya kwanza kwa adabu, wakitazamia kuulizwa tena, na wapo ambao la yao ni la. Tazama mkono wake. Ikiwa ametabasamu na vidole vimelegea kwenye mpini, waweza kurudia mara moja tu, kwa upole. Ikiwa ameuvuta mfuko karibu na mwili, amekwisha kujibu, na kurudia swali ni kumsumbua. Usimwombe sababu, wala usijitetee kwamba wewe ni mtu mwema. Anayekusukuma ukubali baada ya kukataa anafanana na yule mwenye ua la uwanja wa ndege, hata kama moyoni mwake hana hila.

Ondoka, na uiache simu mfukoni

Methali yetu husema, "Tenda wema nenda zako." Wengi huishika nusu ya kwanza, na hiyo ya pili, ambayo naiona ngumu zaidi, huipuuza. Kwenda zako ni kutongoja shukrani zirudiwe, kutogeuka kutazama kama bado anakutazama, na kutoanza mazungumzo ambayo mwenzako atahisi analazimika kuyaendeleza kwa kuwa umemsaidia.

Kwa sababu hiyo napinga kabisa desturi ya kuwarekodi watu wanaotendewa wema. Mwaka 2022, mjini Melbourne, Australia, kijana mmoja alimsogelea mwanamke aliyekuwa amekaa peke yake akinywa kahawa, akamwomba amshikie shada la maua, kisha akamwachia na kwenda zake huku mwenzake akirekodi. Video hiyo ilitazamwa na mamilioni ya watu, wengi wao wakiamini kwamba wamemwona mpweke aliyefarijiwa. Mwanamke huyo alijitokeza baadaye kwenye vyombo vya habari na kueleza kwamba aliingiliwa katika utulivu wake, hakuombwa ridhaa, na alijihisi kuvuliwa utu. Huwezi kuukataa wema kwa amani mbele ya kamera, kwa kuwa anayekataa ataonekana na dunia nzima kuwa mtovu wa shukrani. Wanaotetea video hizo husema kwamba zinawahamasisha wengine. Kama hamasa ndiyo inayotakiwa, simulia tukio bila kutaja mahali wala kuonesha sura ya mtu.

Tahadhari hiyohiyo inafaa kwa misururu ya kulipiana, ambapo kila mteja humlipia anayemfuata. Mwezi Agosti 2014, katika mkahawa mmoja wa St. Petersburg, Florida, wateja 378 mfululizo walilipiana namna hiyo. Muda mfupi baadaye msururu mwingine ukakatwa kwa makusudi na mteja aliyeona kwamba watu walikuwa wakilipa kwa kuona haya. Wapo waliomlaumu, mimi nadhani alikuwa na hoja. Wa kwanza ametoa kwa hiari, lakini wa mia mbili amewekwa mahali ambapo kusema hapana ni aibu. Ukipenda kumlipia aliye nyuma yako, mlipie, na umwambie mhudumu kwamba hadaiwi kuendeleza chochote. Ukilipiwa wewe, shukuru na uende.

Ukiwa wewe ndiye unayetendewa

Una haki ya kukubali na una haki ya kukataa, na lolote kati ya hayo linahitaji maneno machache tu. Usikimbilie kumlipa mtoaji papo hapo, maana malipo ya haraka humwambia kwamba hukutaka kubaki na kitu chake. Kama una shaka, uliza waziwazi: "Nashukuru. Kuna lolote unalolihitaji kwangu?" Mwenye nia safi atajibu kwamba hakuna, na hatakasirika. Akianza kutaja sharti, mrudishie alichokupa. Akigoma kukipokea, kiweke chini na uende zako bila kujihisi mdaiwa.

Iwapo una shida, omba. Utafiti wa Xuan Zhao na Nicholas Epley wa mwaka 2022 ulionesha kwamba wanaohitaji msaada huelekea kudhani watu hawako radhi kuwasaidia kuliko hali ilivyo, na hawatazamii ni kiasi gani msaidizi mwenyewe atafurahi. Wapo watu wanaotamani kusaidia ila wanaogopa kuonekana wajuaji, na ombi lako huwaondolea hofu hiyo.

Mnapotofautiana na mliye naye

Huenda unatembea na mwenzi, rafiki au mzazi asiyependa kabisa mambo haya. Usimfanye mshiriki kwa nguvu, usitoe fedha zenu za pamoja kabla hamjapatana, na usimkosoe mbele ya uliyemsaidia. Mzungumze nyumbani, mapema, mpatane kiasi mtakachotumia na mahali ambapo hamtasimama, kama vile barabarani usiku. Msikilize anapotaja hatari, kwa kuwa anayesita mara nyingi ameona kitu ambacho shauku yako imekificha.

Watoto wanahitaji maelezo ya namna mbili kwa pamoja. Wafundishwe kuuliza kabla ya kusaidia na kulipokea jibu la hapana bila kununa. Waelezwe pia kwamba mtu mzima mwenye haja huomba msaada kwa watu wazima wenzake, kwamba wanaweza kukataa zawadi au msaada wa mtu wasiyemjua bila kuhesabiwa kuwa wamekosa adabu, na kwamba mtu huyo akiwaambia wanyamaze au wafanye siri, waje moja kwa moja kukueleza.